Sekunde Kumi na Moja

Siku ya tatu ya walimu kukaa uwanjani, saa tatu na robo asubuhi, watu wawili waliingia kwenye chumba cha mitambo cha kampuni ya simu bila kuvua viatu. Chumba kile kilikuwa cha baridi ya makusudi. Mafundi wake walivaa sweta mwaka mzima, na mlangoni palikuwa na onyo la wino mwekundu kwamba vumbi haliruhusiwi. Mmoja wa wageni alikuwa askari mwenye redio begani. Mwingine alivaa suti ya kijivu na mkononi alikuwa na bahasha.

"Tufuate taratibu," alisema yule wa suti, "tutamaliza mapema."

Kabla hajapata kiti, mafundi walikuwa wameshampa jina. Taratibu.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja. Kampuni izime mtandao nchi nzima mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Simu za kawaida ziachwe, watu wapigiane kama kawaida. Kinachozimwa ni picha, maandishi na video, yaani kila kinachoweza kutoka nje kikaonekana.

Meneja aliisoma mara mbili, akaanza kutokwa jasho katika baridi ile. Kuzima kulihitaji nywila, na nywila iligawanywa sehemu mbili tangu siku ambayo mtu mmoja aliuzima mji mzima kwa kukosea kitufe. Nusu alikuwa nayo Meneja. Nusu ya pili ilikuwa kichwani mwa fundi mkuu, mwanamke wa miaka arobaini na moja ambaye kila mtu, hata mama yake mzazi, alimwita Fundi.

"Nusu yako, Fundi," Meneja alisema.

"Siitoi."

"Umeisahau?"

"Sijaisahau. Ninayo, na siitoi."

Angeweza kudanganya, ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa na kaka, na kaka yake ndiye aliyemfundisha kwamba ukikataa, kataa kwa mdomo wazi. Anayekataa kwa uongo ameshaogopa.

Kaka huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, na wakati ule ule alikuwa amekaa chini, juu ya saruji ya uwanja ulio mbele ya jengo la wizara, pamoja na watu kama mia nne. Mambo yalianza na paa. Paa la darasa lilianguka shuleni kwake, kwa bahati wakati wa mapumziko, na mwalimu mwenzake akaweka mtandaoni picha ya madawati yaliyopondeka kama maboksi. Kesho yake alikamatwa, kwani kulikuwa na sheria mpya kwamba hakuna kuchapisha kitu chochote cha serikali bila kibali, na paa lilikuwa la serikali. Walimu wakatoka wakakaa uwanjani. Wauguzi wakawafuata. Mwalimu, kaka yake Fundi, akawapa kanuni tatu, na kila asubuhi walizisema kwa pamoja: hatusimami, hatukimbii, hatujibu tusi. Kila mtu alinyanyua simu yake ikirusha moja kwa moja. Askari walipangwa mbele yao kwa siku tatu na hawakumgusa mtu, kwa sababu watu wa nchi nyingine walikuwa wanakunywa chai huku wakiwatazama.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Meneja alimnong'oneza Fundi.

"Guu ni langu, bosi."

Taratibu hakukasirika. Aliomba maji, akanywa, akaiweka glasi juu ya mtambo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya mle ndani.

"Mama," alisema, "nani amekuambia tumekuja kuomba? Tumekuja kwa adabu. Njia ya adabu ndiyo hiyo unayoikataa. Njia nyingine ipo."

Akamgeukia askari. Askari akasema maneno mawili kwenye redio.

Dakika ishirini na tano zikapita. Kisha taa za kijani kwenye mitambo zikaanza kuwa nyekundu, safu moja baada ya nyingine. Fundi alikimbilia dirishani. Chini barabarani, watu wenye masururu walikuwa wamebomoa kifuniko cha shimo la nyaya, na mmoja alikuwa ndani hadi kiunoni, ameshika msumeno wa umeme unaotoa cheche.

"Huo waya unabeba na simu!" Fundi alipiga kelele. "Mnakata simu za nchi nzima! Mnakata za hospitali!"

"Sisi tulitaka mkasi," Taratibu alimjibu. "Umetunyima mkasi, tumetumia shoka."

*

Uwanjani, watu walidhani ni bando. Mmoja alimwambia jirani yake, "Langu limekwisha, hebu rusha wewe," na jirani naye akajikuta hana. Baada ya dakika moja kila simu ilikuwa imeganda. Mwalimu akashika kipaza sauti. "Kaeni. Kama hairushi, rekodi. Kaeni hivyo hivyo."

Askari wakavaa kofia zao za chuma.

Haikuchukua hata nusu saa. Waliokimbia walifukuzwa hadi vichochoroni, na waliobaki wamekaa, kwa sababu waliahidi kukaa, ndio waliopigwa zaidi. Mkunga mmoja mstaafu, mama aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa wake, alivuja damu kwa saa moja na nusu pale chini. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya soko tu. Watu kumi na watatu walijaribu kupiga simu ya gari la wagonjwa. Haikuita.

Fundi aliyapata haya jioni, kutoka kwa mke wa kaka yake, katika ukumbi wa hospitali ambako majeruhi walilazwa wawili wawili. Wifi yake huyo alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, mcheshi kupita kiasi. Alizoea kujitania kwamba yeye ndiye wifi pekee nchini ambaye serikali haiwezi kumzima. Siku hiyo hakutania. Alikuwa na beseni la bandeji mkononi na viatu vyake vyeupe havikuwa vyeupe tena.

"Eti ulikataa," alisema.

"Nilikataa."

"Wangezima walichotaka kukizima, simu zingebaki. Mtu angepiga. Gari lilikuwa hapo nje, Fundi! Limejaa mafuta, dereva yuko ndani. Mkunga amekufa watu wakisubiri namba iite."

"Wifi, nisingeweza kuwasaidia kuzima ili watu wakapigwe."

"Wamepigwa au hawakupigwa?"

Fundi alivitazama viatu vile.

"Hukumsaidia mtu yeyote," wifi yake alisema. "Umeusaidia moyo wako tu. Utalala na mikono safi. Mimi tazama yangu."

Kitandani nyuma yake, Mwalimu alitoa sauti. Taya lilikuwa limevunjika, meno yamefungwa kwa waya, mbavu nne zimepasuka. Alizungumza bila kufungua mdomo, neno moja moja.

"Ha... kukosea."

Mke wake aliligonga beseni mezani kiasi kwamba ukumbi mzima uligeuka. "Wewe nyamaza! Kwenu mnapokezana tu, huyu kukaa, huyu kukataa, na sisi wengine tunapokezana kushona!"

*

Fundi alisimamishwa kazi. Siku ya tisa tangu waya ukatwe, Taratibu alibisha hodi nyumbani kwake, akakaribishwa kwa sababu hakuna namna ya kutomkaribisha mtu mwenye askari wanne, akakaa kwenye kochi kama posa imekubaliwa.

"Tumeleta watu waunge ule waya," alisema. "Wameunga nyuzi kumi na mbili, nane hazipitishi kitu. Mabenki yanalia, uwanja wa ndege unalia, wizara zenyewe haziongei. Nimeuliza nani anajua. Wote wanataja jina lako."

"Na kama sitaki?"

"Hospitali zitaendelea kutuma watu kwa miguu. Juzi mtoto wa siku mbili amekufa, damu ya kumwongezea ilikuwa mji wa pili na hakuna aliyejua. Lakini wewe una msimamo. Nakuheshimu." Alisema *nakuheshimu* kama mtu anayetema kokwa. "Kuna kitu kimoja cha kuongeza. Kisanduku. Utakifunga kwenye mitambo, kila kinachotoka kipite kwake kwanza. Kinasoma, kinaamua."

Fundi aliomba siku moja. Akaenda hospitali moja kwa moja.

Alimkuta kaka yake ameegemezwa mto, wifi yake anambadilishia dripu. Hawakuwa wamesemeshana na wifi kwa siku tisa. Fundi aliinama karibu na kitanda, akaeleza kwa sauti ya chini. Ataunga nyuzi zote, simu zitarudi. Kisanduku atakifunga. Lakini hospitali ina nyuzi zake mbili, na hizo anaweza kuzipitisha kwa nyuma bila kugusa kisanduku, zikatoka nje moja kwa moja. Watakuja kugundua, pengine baada ya saa mbili, pengine tatu.

Wifi yake aliacha kushughulika na dripu. Chini ya kabati la mashuka alikuwa ameficha mfuko wa mto wenye simu thelathini na moja, za majeruhi na za marehemu. Zote zilikuwa zimerekodi.

"Mle ndani mna nini?" Fundi alimuuliza kaka yake.

"Kila kitu."

"Nakuuliza kama fundi. Tukizirusha, hakuna kitakachotugeuka?"

Mwalimu alitazama feni ya darini kwa muda. Hakuna aliyemharakisha, walidhani ni maumivu.

"Rusha," alisema kupitia waya.

Wifi alimsindikiza Fundi hadi kwenye ngazi. Hakumwomba radhi wala hakutabasamu. "Safari hii," alimwambia, "usinawe mikono mapema."

*

Kuunga nyuzi za kioo si kazi ya kubabaika. Uzi mmoja ni mwembamba kuliko unywele, na ndani ya waya ule zilikuwemo arobaini na nane. Fundi alikaa shimoni chini ya turubai, jua la kutwa nzima, askari wakiwa juu yake na bunduki zao. Alikata ncha zilizoungua. Alimenya kila uzi, akaufuta kwa spiriti, akaulaza kwenye mashine pamoja na mwenzake, cheche ikaruka, nyuzi mbili zikawa uzi mmoja. Vumbi likiingia, anaanza upya. Taratibu alikaa kitini chini ya mwavuli, na mara kwa mara aliuliza, "Bado?" Fundi alichukua uzi mwingine.

Kesho yake, kwenye chumba cha mitambo, alikifunga kisanduku. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa begi la safari, hakina jina la mtengenezaji. Mtaalamu aliyekileta alisimama nyuma yake mpaka simu yake ilipoita kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja, na alipotoka kuipokea, Fundi alichukua waya mfupi wa njano, akaingiza mkono nyuma ya mtambo bila kutazama, akachomeka. Ilimchukua muda wa kupiga chafya.

Saa nane mchana wifi yake alijifungia kwenye stoo ya mashuka. Alizichaji simu mbili mbili na kuzituma zilizomo, moja baada ya nyingine. Hakutazama hata video moja. Nafasi ya kutazama haikuwepo, na hata ingekuwepo, asingetaka. Saa kumi na dakika kumi mstari ukakatika, na alikuwa ameshamaliza thelathini na moja zote.

Wenye madishi waliita majirani sebuleni. Stesheni za nje zilionyesha kila kitu: walimu waliokaa, kofia za chuma, virungu vikipanda na kushuka juu ya watu ambao hawakuinua hata mkono. Jioni ile watu walilia, na wengine walicheka kwa furaha, na palikuwa na waliosema serikali haimalizi wiki. Msemaji wa serikali akatokea akasema picha ni za zamani na ni za nchi nyingine. Nchi tatu zilieleza wasiwasi wao. Siku mbili zikapita.

Siku ya tatu, kwenye habari za mchana, televisheni ya taifa haikukana tena. Ilionyesha mojawapo ya video zile zile, sekunde kumi na moja tu.

Mwalimu amesimama. Ameshika kofia ya chuma ya askari kwa mikono miwili. Mbele yake askari kijana ameinama, kichwa wazi. Mwalimu anampiga kisogoni. Askari anaanguka kwa goti. Mwalimu anampiga tena.

"Hawa ndio watu wa amani," alisema mtangazaji, na video ikaanza upya.

Waliitoa kwenye simu ya mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwa Mwalimu. Video nzima ilikuwa ya dakika nne. Kabla ya sekunde zile kumi na moja, askari yule alionekana amesimama juu ya mkunga, buti kifuani mwake, huku mkunga akipapasa saruji. Hiyo waliikata. Sekunde zao walizirudia kila saa kwa wiki mbili, mpaka watoto wadogo wakaigiza kwa masufuria.

Waliokaa uwanjani wakagawanyika. Wapo waliosema ametuharibia, ametufanya waongo mbele ya dunia, mbavu zetu zimevunjika bure. Wapo waliosema kosa lake ni kuwa peke yake, wangesimama mia nne yule mama angekuwa hai. Walirushiana maneno hayo kwenye vyumba vya mikutano, kisha mitaani, na mara moja ngumi zilitumika. Hakuna aliyekaa tena uwanjani.

Fundi alikuwa amekamatwa siku ile ile mstari ulipokatika, akiwa bado na sweta la kazini. Siku ya nne mahabusu, Taratibu alikuja kumwona. Alisimama mlangoni, asichafue suti.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Siku tisa tulitafuta kitu cha kumshtaki kaka yako, tukakosa. Shahidi hatuna, na askari wetu alipigwa kisogoni, hakuona ni nani. Wewe umetuletea mkononi, tena kwa waya wako mwenyewe."

"Toka," Fundi alimwambia.

"Natoka. Ulifunga vizuri sana, mtaalamu wetu ilimchukua saa mbili." Akatoka.

Alifungwa mwezi mmoja, akafukuzwa kazi, akapigwa marufuku kugusa mtambo wowote wa kampuni yoyote. Mwalimu walimtoa kitandani wakampeleka mahakamani na waya zake mdomoni. Yule askari alikuja na bandeji, akasema sikio moja halisikii tena, akamnyooshea kidole bila kusita. Wakili alikuwa amemwelekeza Mwalimu aseme hakumbuki. Hakimu alipomuuliza, alisema, "Nilimpiga. Mara mbili." Akapewa miaka saba. Askari huyo hakushtakiwa kwa kumkanyaga mkunga, kwa sababu kosa hilo halikuwepo: cheti kilisema mkunga amekufa kwa presha.

*

Gereza liliruhusu mgeni mmoja kwa zamu, dakika kumi na tano, wavu katikati. Fundi alikwenda mara ya kwanza mwezi wa pili wa kifungo cha kaka yake. Kaka yake alikuwa amekonda, taya limeungwa upande, uso umekaa kama wa mtu mwingine anayefanana naye.

"Ulijua imo," Fundi alisema hata kabla ya salamu.

"Nilijua. Ile simu ilikuwa karibu yangu. Niliiona inarekodi."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza kama fundi, ukatazama feni."

"Ningekuambia, ungeiacha."

"Ndiyo ningeiacha! Ile moja tu! Thelathini zingetosha!"

"Ile moja ndiyo iliyomwonyesha mkunga." Alizungumza polepole, herufi nyingine zilimponyoka. "Nyingine zote, yuko mbali, au amezibwa na watu. Wanawe walipewa cheti cha presha, Fundi. Walikuwa wameanza kukiamini."

Fundi alishika wavu. Mlinzi akagonga ukuta kwa rungu, Fundi akauachia.

"Unajua mimi nilifanya nini? Nilishika nusu ya nywila mdomoni kwa sababu yako. Kwa kanuni zako. Simu zikakatwa kwa sababu yangu, mtu akafa kwa sababu yangu, na mkeo hanisemeshi. Kumbe wewe mwenyewe hukuzifuata."

"Sikuzifuata."

"Sema kitu basi! Jitetee!"

"Nijitetee na nini?" Akaendelea akitazama mikono yake. "Unajua nilichelewa. Alipomkanyaga, sikusimama papo hapo. Nilikaa. Nikazirudia moyoni, hatusimami, hatukimbii, hatujibu tusi. Nikarudia tena. Mimi mwenyewe niliziandika, ningezivunjaje? Nilipoinuka, yule mama mkono wake ulikuwa umeshaacha kupapasa. Kwa hiyo sikumwokoa mtu. Nilimpiga tu yule kijana kwa sababu nilichelewa."

"Kwa hiyo unajuta kumpiga au unajuta kukaa?"

"Kila asubuhi najiuliza. Jibu la leo si la jana."

Fundi alitaka jibu moja. Alikuwa amekuja kwa basi saa nne nzima kulitafuta, na alikuwa tayari kulichukia lolote atakalopewa, mradi liwe moja. Alimtazama kaka yake na kwa mara ya kwanza maishani hakujua wa kumwamini, yule aliyekaa au yule aliyesimama.

"Sijakusamehe," alimwambia.

"Sijakuomba."

Mlinzi akagonga tena, safari hii kwa kumaliza. Mwalimu aliinuka kwa kushika kiti, mbavu bado zilimuuma, akaondoka bila kugeuka.

Nje ya lango palikuwa na foleni ya wageni kwenye ukuta wenye jua. Wifi yake alikuwa wa tatu, na mfuko wa nguo safi mikononi, sare ya uuguzi ndani ya koti. Waliangaliana. Mtu wa pili kwenye foleni alisogea kidogo, akihisi hapamfai kusimama katikati yao.

"Anakula?" wifi aliuliza.

"Sikumuuliza."

"Ungemuuliza," wifi alisema, akageuza uso wake kwenye lango, akasubiri zamu yake.